Profesa Hakumbushwi

Nilipoanza kuandika tasnifu yangu ya uzamili, binti yangu alikuwa na meno yake yote ya utotoni. Nilipoimaliza, ya mbele yalikuwa yameng'oka na mengine makubwa yameota, na mimi sikuwepo hata kwa moja. La kwanza nilipigiwa simu jioni ileile. La pili niliambiwa baada ya siku kadhaa, katikati ya mazungumzo ya bei ya mahindi. Mengine sikuambiwa.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu mpole. Wanafunzi wangu wamenipa jina la utani wanalodhani silijui. Anayetafuta habari za mwanamke aliyevumilia akabarikiwa, aende kanisani Jumapili, atazikuta tele. Mimi sikuvumilia vizuri, na baraka zenyewe bado ziko njiani.

Nilikuwa nafundisha baiolojia katika shule ya bweni ya wavulana kule Kithyoko, upande wa Masinga, ambako joto huanza kabla ya kengele ya asubuhi. Mwajiri alinipeleka huko mtoto akiwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Baba yake tusimpotezee wino. Nilipewa chumba kimoja nyuma ya bweni: upande huu wa ukuta mimi, upande wa pili wavulana wanaopiga mbinja. Mwaitu, yaani mama yangu mzazi, alikuja kukiona. Alisimama mlangoni, hata mguu mmoja hakuutia ndani.

"Mtoto wa kike halelewi hapa," akasema. Akamfunga mgongoni kwa leso, akarudi naye Machakos mjini, nyumbani kwake. Hakuniuliza. Tena alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma.

Basi nikawa mama wa mwisho wa mwezi. Nafika Ijumaa jioni na mkate na ndizi, naondoka Jumapili tukishakula muthokoi, yale mahindi ya kukoboa. Mwanzoni mtoto alikuwa akilia nikiondoka, akinishika sketi mpaka Mwaitu aje kumbandua. Baadaye akaacha. Watu husema mtoto akiacha kulia amezoea. Mimi nasema amepiga hesabu akaona hailipi.

Njia ya kutoka Kithyoko ilikuwa moja tu. Pale mjini kulikuwa na chuo cha walimu, na mkuu wake alikuwa mwanamke niliyefahamiana naye kwenye usahihishaji wa mitihani. Aliniambia waziwazi: "Madam, leta uzamili, nafasi ya baiolojia ni yako. Niko na nyumba pia, ndani ya chuo. Lakini siwezi kukungoja milele." Nilikwenda kuichungulia nyumba hiyo siku ileile, nimebandika uso kwenye kioo cha dirisha kama mwizi. Vyumba viwili vya kulala, bomba la maji ndani, na kutoka hapo hadi kwa Mwaitu ni mwendo wa kutembea tu. Chumba kidogo nikakigawa palepale kuwa cha mtoto. Sikutaka shahada kwa ajili ya kitu kingine. Wenzangu walitaka kuitwa wasomi, mimi nilitaka kulala nyumba moja na mwanangu.

Nikajiandikisha katika chuo kikuu kimoja kilichokuwa na tawi Machakos. Sitakitaja. Tawi lenyewe lilishafungwa, na jengo siku hizi linauza magodoro, kwa hiyo sasa angalau watu wanapata usingizi pale kwa njia halali.

Masomo ya darasani niliyamaliza. Utafiti nikaufanya, kuhusu namna wavulana wa sehemu kavu wanavyofundishwa habari za mimea ambayo hawajawahi kuiona. Niliandika nikiwa zamu ya usiku bwenini, na Jumamosi nilizopaswa kuwa na mtoto niliandika pia, mezani kwa Mwaitu, yeye akimwambia mtoto, "Usimsumbue, anasoma." Msimamizi wangu, mtu mwema mwenye kikohozi kisichoisha, akasoma, akasahihisha, akatia sahihi. Nikatoa nakala, nikazipeleka ofisi ya shahada za juu. Nilidhani nimemaliza. Mpaka leo nikikumbuka nilivyotoka pale nikitabasamu barabarani, natamani kujipiga kofi.

Kwa asiyejua mambo haya, ni hivi. Ukishawasilisha tasnifu, ofisi humpelekea mtahini wa nje, msomi wa mahali pengine, aisome na kuandika ripoti. Ripoti ikirudi ndipo unaitwa kuitetea kazi yako mbele ya jopo, na ukipita, unapewa barua kwamba umehitimu. Jina la mtahini ni siri, na wewe hutakiwi kuonana naye. Kanuni yenyewe ni nzuri, sina ugomvi nayo. Mwizi hachagui hakimu.

Kila mwisho wa mwezi, kabla ya kwenda kwa mtoto, nilipitia ofisini kuulizia. Kulikuwa na benchi la mbao kwenye ushoroba, na nyuma ya kidirisha aliketi sekretari, mwanamke wa rika langu mwenye sauti ya kubembeleza mgonjwa.

"Iko kwa mtahini, Madam."

Alilisema jambo hilo kama watu wanavyokuambia marehemu yuko mbinguni. Ukishaambiwa hivyo, unauliza nini tena? Nilisema asante nikaenda zangu. Mwezi uliofuata iko kwa mtahini. Mvua zikaja, zikaisha, iko kwa mtahini.

Halafu tukaletewa mkurugenzi mpya, kutoka makao makuu Nairobi, aje kutusaidia tumalize kwa wakati. Mtu nadhifu, shati limepigwa pasi mpaka linaweza kukata mkate. Akabandika mabango kila ukuta: MALIZA KWA WAKATI. Akatuita sote ukumbini, tukapewa chai na mandazi, akatuuliza tunakwama wapi. Watu wakasema mambo ya adabu. Mmoja akashukuru kwa mabango. Mimi nikasimama.

"Tasnifu yangu iko kwa mtahini tangu mvua za masika," nikasema, "na sasa za vuli zinagonga mlango. Shida yangu ni ndogo. Mpigieni simu."

Mkurugenzi akatabasamu, vile mtu mzima anavyotabasamu mtoto akijamba mbele ya wageni.

"Madam," akasema, "profesa hakumbushwi."

Na watu wakatikisa vichwa kukubali. Hata wale waliokuwa wananyongwa na kamba ileile. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba haikuwa kanuni iliyoandikwa popote, ilikuwa nzito kuliko iliyoandikwa. Kumkumbusha mkubwa ni kumwambia amesahau, na kumwambia amesahau ni kumwambia amezeeka. Mkurugenzi mwenyewe alikuwa na udaktari wa falsafa tu, akingojea kupandishwa, na maprofesa ndio wangekaa kumpandisha. Kwa hiyo hapigi simu yeye, hapigi sekretari, hapigi mtu. Kila mmoja anangoja mzee akumbuke mwenyewe, kwa heshima.

"Tena haraka haraka haina baraka," akaongeza, na watu wakacheka kidogo. Nilikuwa na kikombe kilichojaa mkononi. Sikummwagia. Ni kati ya mambo ninayoyajutia.

Alichofanya ni kutundika ubao mkubwa ushorobani, kila mwanafunzi na kadi yake ya rangi: kijani kwa aliyewasilisha, manjano kwa anayengoja mtahini, nyekundu kwa aliyekwama. Eti tuwe tunaangalia ubao badala ya kumsumbua sekretari. Kadi yangu ikawekwa manjano. Jua la dirishani likaipiga mpaka ikawa nyeupe, na nyeupe haikuwa na maana yoyote kwenye ubao ule.

Mkuu wa chuo cha walimu naye akanipigia. Hakuwa na ubaya. "Madam, nimewazungusha wakubwa wangu vya kutosha. Shule zikifunguliwa Januari, niwe na barua yako ya kuhitimu mkononi. La sivyo nachukua mtu mwingine."

Mwisho wa mwezi huo nilimketisha mtoto uani nikamsuka. Nikamwambia, "Januari tutakaa pamoja, mimi na wewe, nyumba yetu."

"Na Susu?" Susu ndiye nyanya, kwa Kikamba.

"Susu atakuwa hapo karibu. Utamwona kila siku."

Akafikiria. "Sawa," akasema, kama mtu aliyekubali kunywa dawa. Kisha akauliza, "Utaenda saa ngapi?" Nikamwambia kesho baada ya chakula, nikadhani ameanza kunisikitikia. Kumbe alitaka kujua saa ngapi anaweza kwenda kucheza kwa jirani. Nikamvuta nywele kidogo nikisuka, naye akavumilia. Usiku Mwaitu akaniambia mkono wake wa kushoto umeanza kulala wenyewe mchana, kisha akacheka, akasema ni uzee, nisome tu.

Mara hiyo nililala mpaka Jumatatu, nikapitia ofisini asubuhi kabla ya kurudi Kithyoko, sina tena subira hata ya kuigiza. Ushoroba ulikuwa mtupu. Sijui sekretari aliona nini usoni mwangu. Alitazama huku na huku, akainamia kidirisha.

"Mimi sijakuambia kitu. Lakini huyo mzee hayuko mbali. Anakaa Lukenya, ukishapita machimbo ya mawe. Amestaafu, anafuga mbuzi." Akanitajia jina. "Hata mimi niko na watoto, Madam."

Ningempa busu kama si kile kioo.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Lukenya. Bodaboda ilinipandisha kwenye njia ya malori ya mawe, vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Nilimkuta mzee uani, amevaa gambuti, amembana beberu katikati ya magoti anampunguza kwato. Ninajua kudanganya, lakini sikudanganya.

"Shikamoo, Profesa. Mimi ndiye mwenye tasnifu ya wavulana wa Kithyoko."

Akamwachia beberu. "Hutakiwi kuwa hapa."

"Najua."

Akanitazama kutoka kwenye viatu hadi kwenye kilemba, vumbi tupu. "Ingia basi. Huwezi kusimama hapo na hilo vumbi."

Ndani, juu ya friji, palikuwa na bahasha kubwa ya kaki. Imefungwa kwa gundi, ametia sahihi yake juu ya mfuniko. Nayo ilikuwa na vumbi lake, si la siku hiyo.

"Niliisoma wiki ileile walipoileta," akasema. "Sura ya nne ni nzuri sana. Yaliyobaki ni mambo ya nukta na mkato."

Nikaketi bila kukaribishwa. "Mbona haijarudi, Profesa?"

"Ofisi hutuma dereva. Sijui dereva wao amepatwa na nini."

"Na wewe hukuwapigia simu?"

Hapo nilimuudhi. Alijinyoosha kitini. "Mtahini hapigi simu. Akipiga ataonekana anadai malipo yake. Sijafika hapo, binti yangu."

Wao wanangoja akumbuke. Yeye anangoja wakumbuke. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawa hata hawakupigana, walilala tu, na nyasi zikafa vilevile.

Mke wake alituletea chai ya maziwa ya mbuzi. Baruti ikalipuka machimboni, madirisha yakatetemeka, wao wawili hawakushtuka hata kidogo. Mzee akachukua bahasha, akaipangusa kwa kiganja, akanipa. "Wapelekee. Waambie nilikuwa nimeshamaliza." Alikuwa mtu wa heshima, na nilimpenda, na laiti ningejua, ningeirusha ile bahasha kwa mbuzi wake.

Sikuifungua. Nalisema hilo kwa sababu baadaye liligeuka swali. Nilishuka nayo mpaka barabarani nimeikumbatia, nikaimba kwenye bodaboda, mimi ambaye siimbi hata kwaya. Jioni nikafika kwa Mwaitu, nikamwinua mtoto juu ingawa alishakuwa mzito, nikamwambia nyumba imepatikana. Mwaitu akachinja kuku. Hilo ndilo kosa letu sisi watu wa huku, tunachinja mapema.

Jumatatu nikaiweka bahasha mezani kwa mkurugenzi. Aliitazama bila kuigusa.

"Nani alikupa jina la mtahini?"

"Mkurugenzi, alimaliza zamani. Alikuwa anangoja dereva."

"Sijauliza hivyo, Madam."

Akanionyesha kiti, akaniomba niketi, akaniuliza kama nitakunywa maji. Nimekutana na watu wengi waliofoka wakaniumiza. Yule hakufoka.

"Ripoti hii imeshikwa na mtahiniwa," akasema. "Kwa hiyo haipo."

"Si hii hapa mezani?"

"Kikanuni haipo. Itabidi bodi iteue mtahini mwingine, tuanze upya."

Akamwita sekretari aje aandike kumbukumbu. Akaingia, hakunitazama, akaketi pembeni na kalamu. Mkurugenzi akamwambia andika, naye akaandika, kisha akatusomea kwa sauti yake ileile ya kubembeleza mgonjwa: mtahiniwa alipata jina la mtahini kwa njia zisizojulikana. Zisizojulikana. Nilimkodolea macho mpaka masikio yake yakawa mekundu licha ya weusi wake. Sikumtaja. Watu niliowahadithia wamenisifu kwa hilo, wakome. Sikumlinda. Niliona tu kwamba nikimtaja atakana, na ataaminiwa yeye. Nilimchukia siku ile, na sijaona sababu ya kuacha.

Halafu nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya mbele ya mwanamume yeyote, hata yule ambaye hatumpotezei wino. Niliomba.

"Mkurugenzi, Januari naanza kazi mjini. Niko na mtoto. Tangu aache kunyonya sijalala naye nyumba moja wiki nzima ila shule zikifungwa. Mpigie Profesa aandike nyingine, mtume dereva akaichukue leo. Yaliyomo ni yaleyale."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa msikilizaji mzuri sana.

"Kila mtu ana mtoto, Madam," akasema. "Tukianza kupima kwa watoto hatutakuwa na chuo."

Nilipotoka, kadi yangu ilikuwa imeshahamishwa. Haikuwekwa kwenye nyekundu kama nilivyotarajia. Iliwekwa mpya, ya kijani, kana kwamba nimewasilisha asubuhi ile. Ndivyo utaratibu mpya ulivyosema: anayeteuliwa mtahini mwingine, saa yake inaanza tena.

Januari nafasi yangu akapewa kijana mmoja kutoka Yatta, hajaoa, hana mtoto wala paka. Na nyumba akapewa. Mkuu wa chuo alinipigia mwenyewe kuniambia, nikamwambia nashukuru kwa kunijulisha. Nikamwambia mtoto kwamba bado kidogo. Hakuuliza kidogo ni kiasi gani. Alikuwa ameshika kifuniko cha soda anakipigisha sakafuni, akaendelea.

Kabla ya Pasaka Mwaitu akaanguka jikoni. Ule mkono uliokuwa ukilala haukuamka tena, na mdomo ukaenda upande. Mtoto ndiye aliyemkuta. Alitoa sufuria kwenye jiko kwanza, isiungue, ndipo akakimbia kwa jirani. Mimi nilikuwa darasani nachora figo ubaoni, simu iko kwenye droo ya ofisi. Nilipoiona, ilikuwa imelia mpaka imechoka. Nilipofika Machakos usiku, nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli.

Dada yangu mdogo alikuwa ameshakuja na gari kutoka Syokimau. Yeye ndiye aliyebahatika katika sisi, anafanya kazi ofisini Nairobi, anapanda treni asubuhi, ana nyumba ya ghorofa yenye geti. Alimpeleka Mwaitu hospitali, mtoto akamchukua kwake. Nilimpigia nikiwa nimesimama mbele ya kufuli.

"Nitakuja kumchukua mtoto kesho," nikasema.

"Utampeleka wapi, dada? Kwa bweni?" Hakusema kwa ubaya. Aliuliza tu, na mtoto akabaki kwake.

Mwaitu naye akahamia hukohuko Syokimau alipotoka hospitali. Kutoka Kithyoko kwenda Syokimau si safari ya mwisho wa mwezi, ni safari ya mwisho wa muhula. Nilikuwa nafika nakuta mtoto amepata mtindo mpya wa nywele, marafiki wapya, kicheko kipya. Siku moja alinisalimu, "Niaje, Mama," kama anavyowasalimu walinzi wa getini. Nikamkaripia. Dada yangu akasema ndivyo wanavyoongea wote huku, nisimkaripie mtoto kwa kitu kidogo. Mtoto akamsogelea shangazi? Hapana, ndugu zangu, mama mdogo. Lakini kule wote ni anti. Akamsogelea anti yake, akaegemea pale.

Mtahini wa pili alichukua muda wake. Simlaumu, huenda naye alikuwa na bahasha juu ya friji. Ripoti ilipokuja hatimaye, ilisema sura ya nne ni nzuri na yaliyobaki ni mambo ya nukta na mkato. Jopo la utetezi likaniuliza maswali ya dakika chache, likanipa mkono. Msimamizi wangu alikohoa kwa furaha.

Wiki ya mahafali mkurugenzi akatuita tena ukumbini. Chai ileile. Alikuwa na wageni kutoka makao makuu, akawa anawaeleza jinsi utaratibu wake ulivyofaulu, wanafunzi sasa wanamaliza kwa wakati. Kisha akataja jina langu. Akasema huyu Madam, kuanzia kuwasilisha hadi kuhitimu, ni miongoni mwa walioenda kasi kuliko wote kwenye ubao, na nisimame nionekane.

Alikuwa sahihi, unaona. Kadi ya kijani ilihesabu kuanzia ile Jumatatu. Yale mengine, kama ile ripoti, hayakuwapo.

Nikasimama. Watu wakapiga makofi. Sekretari, aliyekuwa karibu na birika, akapiga kigelegele, na nadhani alikipiga kwa moyo safi, maana wakati ule alikuwa ananiita rafiki. Mkurugenzi akanipa mkono mbele ya mpiga picha, kiganja kikavu, kizuri, akaniambia, "Unaona sasa?" Nikasema naona. Sijui ni kwa nini sikusema jingine. Nimeyatunga majibu tangu siku ile, mengine makali sana, nayasema nikiosha vyombo.

Baadaye yule kijana wa Yatta akapata kazi Nairobi akaondoka, na mkuu wa chuo cha walimu akanipigia kuuliza kama bado nataka. Ala, bado nataka. Nikahama Kithyoko na godoro na masufuria mawili. Nikanunua kitanda cha mtoto, shuka la waridi, pazia. Duka la pazia liliniuliza mtoto ana umri gani, nikahesabu kwanza kwa vidole.

Nikaenda Syokimau Jumamosi, mapema, nimevaa vizuri. Mwaitu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akaniinulia mkono ule mzima. Dada alikuwa anakunja nguo. Mtoto alikuwa zuliani na binamu zake mbele ya televisheni, miguu imepanuka, mirefu, sikuijua miguu ile.

"Njoo nikusalimie," nikasema. Akaja, akanipa shavu. Nikamshika mabega, nikamwambia kwa furaha ambayo nilikuwa nimeiweka akiba miaka yote ile, "Enda upakie nguo zako. Zote. Leo tunaenda nyumbani kwetu, mimi na wewe. Huku hutarudi tena ila kutembea."

Aligeuka akamtazama dada yangu.

"Anti," akasema, "nimefanya nini? Si hata vyombo niliosha."